KUTAFUTA KAZI YA KUFUNDISHA SAYANSI KATIKA NCHI YA MBALI
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Nyakatuntu)



Kamati ya chama ilitutaka tuseme neno juu ya vijana waliosomea ualimu wa sayansi, na namna wanavyotafuta kazi mbali na kwao. Tulikubali kwa moyo, maana habari hii hutujia mezani kila siku kwa milango miwili. Kwa mlango mmoja huingia mzazi, naye husema, "Bwana karani, mwanangu amemaliza Chuo Kikuu, amesoma fizikia na hesabu, na huu ni mwaka wa nne yuko nyumbani analima maharage." Kwa mlango wa pili huingia mkuu wa shule, naye husema, "Bwana karani, kidato cha nne hawajapata mwalimu wa fizikia tangu Januari." Watu hao wawili huketi katika benchi moja wakingoja zamu, wala hawajui kwamba kila mmoja anayo dawa ya ugonjwa wa mwenzake. Na hata wangejua, wasingeweza kupeana.

Twaombwa mara nyingi kueleza kwa nini hawawezi. Jibu lake si gumu kwa mtu aliyezoea majalada. Upungufu wa mwalimu ni jambo moja, na nafasi iliyotengewa mshahara ni jambo jingine. Shule yaweza kupungukiwa walimu watano wa sayansi, lakini isipokuwapo ruhusa ya kuajiri pamoja na fedha ya mshahara, upungufu ule hubaki kuwa tarakimu katika taarifa ya robo mwaka. Kijana asiyelifahamu jambo hili huona ya kuwa serikali yamchukia, na mzazi wake hudhani kuna mtu aliyekalia barua. Mara nyingi hakuna barua iliyokaliwa. Hakuna barua kabisa.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Hata mwaka 2015 ilikuwa desturi kwamba kijana akimaliza ualimu hukaa nyumbani miezi michache, kisha majina hutolewa, naye huona jina lake na wilaya aliyopangiwa. Hakuchagua, wala hakuulizwa. Waliozaliwa Kilimanjaro waliona Rukwa, na waliozaliwa Bukoba waliona Lindi. Wengine walilia, wengine walifunga mizigo. Kisha likaja zoezi la kuwaondoa watumishi hewa, ajira zikasimamishwa, na zilipofunguliwa mwaka 2017 walimu wa sayansi na hesabu ndio waliotangulizwa. Hapo wengi wakasema, "Basi, mwenye sayansi hana shida ya kazi." Neno lile limewaponza wengi. Mwaka 2024 kazi ya kuwachagua walimu iliwekwa chini ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mwombaji akawa hana budi kuingia katika usaili. Usaili ule ulifanyika mwanzoni mwa mwaka 2025. Waombaji walipita laki mbili, na nafasi zilikuwa elfu kumi na kadhaa tu. Si wote waliokuwa wa sayansi, ni kweli, lakini hata wa sayansi walirudi nyumbani wengi.

Wala tusisahau jinsi shule zilivyoongezeka upesi. Mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari ulianza mwaka 2004, na katika miaka michache kila kata ilitaka shule yake. Walimu hawakutosha, na wahitimu wa kidato cha sita wakafundishwa kwa mwezi mmoja hivi wakapelekwa darasani. Watu wakawaita kwa jina la mzaha, "voda fasta". Kisha, mwishoni mwa mwaka 2012, Rais Kikwete akaagiza kwamba kila shule ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara, yaani cha fizikia, cha kemia na cha baiolojia. Ninyi mnakumbuka michango ile, maana baadhi yenu ndio mlioandika stakabadhi. Vyumba vilijengwa kwa jasho la wakulima wa kahawa na ndizi. Mahali pengine vilikaa kwa miaka bila bomba wala meza, na mahali pengine vikageuzwa madarasa. Mwezi wa Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 waliokuwa wakisomea stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hesabu katika Chuo Kikuu cha Dodoma walirudishwa nyumbani, na baadhi yao ndio waliohamishiwa baadaye katika vyuo vya ualimu. Mwaka huohuo ada ya sekondari ilikuwa imeondolewa, na watoto wakajaa. Basi mtu akiuliza kwa nini tuna chumba cha kemia na hatuna mwalimu wa kemia, na ajitazamie mwenyewe miaka hiyo jinsi ilivyofuatana.

Sasa tuje kwa kijana mwenyewe.

Jambo la kwanza litakalomwangusha si sayansi yake. Ni jina lake. Sisi makarani twalijua hili kuliko Maprofesa. Kijana amezaliwa, cheti cha kuzaliwa kimeandikwa jina la babu. Amekwenda shule ya msingi, mwalimu akaandika jina la ubatizo na jina la baba. Kidato cha nne herufi moja imeongezwa, na kitambulisho cha Taifa herufi mbili zimepunguzwa. Katika nchi yetu hii ambamo jina moja huandikwa kwa R na mwenzako akaliandika kwa L, kosa hili ni la kawaida kama tope la Aprili. Lakini mashine ya maombi haina ujamaa. Yaona watu wawili, nayo humkataa mmoja, au wote wawili. Kwa hiyo, ninyi wenye watoto kidato cha pili na cha tatu, tazameni vyeti vyao leo, kabla majina hayajapelekwa kwa ajili ya mtihani wa Taifa. Aliyekwisha kupita hapo na aende kwa wakili mapema, afanye hati ya kiapo juu ya majina yake, aisajili ikiwa yapasa kusajiliwa, wala asingoje tangazo litoke. Tangazo likitoka siku huwa chache, na mtandao huku kwetu husinzia palepale unapohitajiwa.

La pili ni masomo mawili. Mwalimu wa sekondari huombwa kwa masomo aliyosomea kufundisha, mathalan kemia na baiolojia, au fizikia na hesabu. Kijana asiombe nafasi ambayo hati yake ya matokeo haiitaji. Tumewaona wenye shahada nzuri ya sayansi wasio na mafunzo ya ualimu, nao hushangaa wanapokataliwa. Hao sharti wasome kwanza stashahada ya ualimu ya juu ya shahada.

La tatu ni fedha ya rushwa. Tulisema katika mkutano wa chama, nasi twarudia hapa: hakuna mtu mwenye nafasi ya ualimu mfukoni mwake. Ajaye kwa simu akisema ana ndugu ofisi kubwa, naye ataka laki mbili za kuanzia, huyo ni mwizi kama mwizi wa kuku, ila huyu huvaa viatu. Mzazi mmoja wa hapa aliuza ng'ombe kwa sababu ya sauti ya simu. Ng'ombe hakurudi, na ile simu haikupatikana tena.

Yako milango mingine, nayo si ya kudharauliwa. Shule za misheni na za watu binafsi hutafuta walimu wa sayansi, na mara nyingine huwapata kwa barua iliyoandikwa vizuri na kupelekwa mkononi. Shule za kata nazo hupokea wa kujitolea, wanaolipwa posho ndogo inayotoka katika michango ya wazazi. Juu ya kujitolea tuna neno. Kwa kijana wa mwaka mmoja nje ya chuo ni jambo jema, maana hulinda maarifa yasipate kutu, naye hupata mtu wa kumshuhudia. Lakini kumweka mtu miaka mitano kwa posho ya sabuni, akifundisha vipindi vingi kuliko walioajiriwa, na kila mwaka kuambiwa "mwakani", hilo si kujitolea tena. Twaomba wanachama walio katika bodi za shule walitazame, na kwa uchache wampe barua ya kuonyesha miezi aliyofundisha na masomo aliyofundisha. Barua hiyo haigharimu kitu.

Sasa tuseme amepata. Ametoka Mtwara au Tanga, na barua yake yasema Wilaya ya Kyerwa. Jina hilo huenda hakulisikia hata mara moja, maana wilaya yenyewe ilizaliwa mwaka 2012 ilipotengwa na Karagwe. Afungua ramani, aona Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini, na mto Kagera ukizunguka. Asafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,400 mpaka Bukoba, kisha Kyaka, kisha Kayanga, kisha Omurushaka, na kutoka hapo auliza njia ya Nyakatuntu. Hushuka na begi moja na bahasha ya vyeti. Hajui Kinyambo. Hajala matoke siku tatu mfululizo tangu azaliwe. Mwenyeji ampa punje za kahawa atafune, naye hajui kama atafune au ameze.

Hapo ndipo kazi yetu sisi tusioshika chaki huanza, na hapo ndipo walimu wengi hupotea. Mtu huyu hakukimbizwa na baridi ya milimani wala na lugha. Twathubutu kusema, kwa yale tuliyoyaona, kwamba wiki sita za kwanza ndizo humfanya akae au aanze kutafuta uhamisho. Katika wiki hizo ana mambo matatu: pa kulala, cha kula, na karatasi zake. Anastahili posho ya kujikimu na nauli, lakini fedha hiyo yaweza kuchelewa. Mshahara wa kwanza hungoja cheki namba, na cheki namba hungoja taarifa zake ziingizwe katika mfumo, na taarifa hungoja karani. Tumemwona mwalimu wa kemia kutoka kusini aliyekula kwa mkopo dukani miezi miwili na nusu, kwa sababu fomu yake ilirudishwa na ofisi moja ambayo hatuitaji, ikikosa tarehe moja, na hakuna aliyemwambia kwamba imerudishwa. Alikuwa mwalimu hodari. Mwaka wa tatu ulipotimia alihama, na vidato viwili vikabaki na daftari zenye maswali yaliyoandikwa nusu.

Na mshahara wenyewe ukija, yafaa aelezwe kabla hajaufungua, asije akadhani ameibiwa. Mwalimu mwenye shahada huanza katika ngazi ya TGTS D. Ikiwa alisoma kwa mkopo wa serikali, asilimia 15 ya mshahara wa msingi hukatwa kurudisha mkopo. Mfuko wa pensheni wa PSSSF huchukua asilimia 5 zake, na mwajiri huongeza 15. Bima ya afya ni asilimia 3. Akiwa mwanachama wa Chama cha Walimu, ni asilimia 2. Jumlisheni wenyewe: ni 25 katika kila 100, na kodi ya mapato bado haijaguswa. Kisha hapo hujitokeza wakopeshaji, nao ni wepesi wa kumjua mtumishi mpya kuliko Afisa Elimu. Kanuni yasema mtumishi asibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara, lakini wapo wakopeshaji wa pembeni wanaoshika kadi ya benki ya mtu, nao hawaijui theluthi. Karani wa mishahara akimketisha kijana nusu saa na kumwonyesha mahesabu haya kwa kalamu, amemfaa kuliko hotuba ya kumkaribisha.

Ndugu mmoja katika mkutano uliopita alisimama akasema, "Kwa nini tuhangaike na wageni? Kila mkoa na ufundishwe na watoto wake." Twamheshimu ndugu huyo, na uchungu wake twaujua, kwa kuwa ana binti mwenye shahada ya baiolojia asiye na kazi. Lakini shauri lake hatulikubali. Kwanza, watoto wetu wa Kagera wamefundisha Tanganyika yote na Tanzania yote. Mlango tukiufunga kwa ndani, tutakuwa tumewafungia hao nje. Pili, binti wa ndugu yetu hakukosa kazi kwa sababu ya mgeni aliye Nyakatuntu, bali kwa sababu nafasi zilizotangazwa ni chache. Tena tukumbuke kwamba kijana mmoja wa Butiama, akitoka Makerere, alikwenda Tabora mwaka 1946 kufundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's, naye alifundisha baiolojia. Tabora haikuwa kwao. Laiti wangemwambia arudi akafundishe Wazanaki, sijui historia ya nchi hii ingeandikwaje. Na chama cha watumishi Waafrika ambacho sisi sote twajiona wajukuu wake kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na Martin Kayamba na wenzake, na watu waliotoka makabila mengi wakaketi pamoja kwa sababu kazi iliwatoa makwao.

Pia ipo faida ambayo mgeni mwenyewe haioni siku ya kwanza. Watu humhurumia mwalimu wa sayansi wa huku kwa kukosa vyombo, na ni kweli chupa za maabara ni chache na maji hubebwa kwa madumu. Lakini nchi hii yenyewe ni maabara. Katika machimbo ya Kyerwa watu wamechimba bati tangu kabla ya Vita vya Pili. Mwalimu wa kemia aweza kuwaonyesha watoto mawe yale mazito, akawaeleza jinsi oksijeni inavyotolewa kwa makaa mpaka bati lenyewe hubaki. Wazee wa Karagwe walikuwa mafundi wa chuma, na nyundo na ng'ombe wa chuma wa ufalme wa Bweranyange wametajwa na wasafiri na wataalamu. Kule Buhaya, mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walitoa habari kwamba wahunzi wa kale waliyeyusha chuma kwa hewa iliyopashwa moto ndani ya mifereji ya udongo kabla haijafika katika tanuru, na joto lao likawa kubwa mno. Somo la joto na hewa likianza hapo, mtoto wa Kinyambo haoni fizikia kuwa kitu cha Wazungu kilicholetwa katika sanduku. Na baiolojia je? Mnyauko wa migomba umeingia mashambani mwetu, nao huenezwa na panga linalokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Mwalimu anayefundisha bakteria kwa kuwaambia watoto watie panga la baba yao katika moto kabla ya kuhamia mgomba wa pili, huyo amelipa nauli yake yote. Hata rubisi ina somo lake, ingawa Mheshimiwa Padre aliyeketi pale nyuma angependa tulipite upesi.

Lakini hayo yote yataka mtu aliyekaa mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka wa kwanza mgeni hutafuta duka la mafuta ya taa na mahali pa kuchajia simu. Ndiyo maana twalia juu ya kukaa kwake zaidi kuliko kuja kwake. Kidato cha nne hukutana na mtihani wa vitendo. Huko hupewa asidi na besi na mrija wa kupimia, na mtoto ambaye hajaushika mrija ule hata siku moja hupoteza alama kabla hajafikiri. Msichana anayetaka kuwa mganga au muuguzi, asipofaulu kemia na baiolojia, mlango wake umefungwa akiwa na miaka kumi na saba, naye hakuufunga yeye. Twawajua wasichana wa namna hiyo kwa majina, nanyi mnawajua, maana ni binti zetu.

Juu ya uhamisho tuseme kwa haki. Mwajiriwa mpya huambiwa akae kituoni miaka mitatu kabla ya kuomba kuhama, na hiyo ni kanuni nzuri. Lakini wapo makarani wanaoificha barua ya mtu aliyetimiza muda wake, ati kwa kuipenda shule. Hiyo si njia. Mwalimu aliyezuiliwa kwa hila hufundisha kwa mwili na moyo wake uko barabarani, na habari zake hufika chuoni, na wanaokuja nyuma yake hulikwepa jina la wilaya yetu. Aliyetimiza muda wake na apitishiwe barua yake upesi, na kama ana mwenzake wa kubadilishana naye, mwenye masomo yaleyale, wasaidiwe wote wawili.

Basi, Bwana Mwenyekiti, tumekuja na maombi, nayo tumekwisha kuyanong'oneza kwa Kamati. Twaomba chama kiwe na kisanduku cha kumkopesha mwalimu mgeni chakula cha wiki sita, bila riba, naye arudishe kidogo kidogo mshahara wake ukianza. Twaomba makarani walio Halmashauri wakubaliane kwamba jalada la mwajiriwa mpya lisilale mezani hata usiku mmoja likiwa limepungukiwa na kitu bila mwenyewe kupigiwa simu. Na twaomba tuwe na daftari ya vyumba vya kupanga vilivyo karibu na shule zetu za sekondari, ili mtu ashukapo kutoka basini na begi lake asizungushwe na waendesha bodaboda mpaka giza.

Daftari hiyo imekwisha kununuliwa. Iko kwa Bwana Katibu, pale mlangoni. Mwenye chumba na aandike jina lake, mahali kilipo, na kodi anayoitaka kwa mwezi, na kama paa lavuja aandike hilo pia.